Mapipa na matangi ya vimiminika vinavyowaka: kuyachagua, kuyajaza na kuyatunza

Anayenunua spiriti, thina, petroli au asetoni kwa wingi hukutana na vyombo vya aina tatu: dumu, pipa la lita 200, na lile tangi la plastiki la lita 1,000 linalokaa juu ya paleti ndani ya kizimba cha chuma. Hilo la tatu ndilo linalopendwa kuliko yote. Ni jepesi, foklifti inalibeba mara moja, lina koki chini, na ukilitazama kwa nje unajua kimebaki kiasi gani. Mimi nalipenda kwa sabuni, kwa mbolea ya maji na kwa kemikali nyingi zisizoshika moto. Kwa vimiminika vinavyowaka nalikubali kwa masharti, na kwa baadhi silikubali kabisa. Sababu nitazieleza njiani.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaanza. Petroli haiwaki, wala spiriti haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inauliza swali lile lile: mvuke uko wapi sasa hivi, na ni kitu gani karibu yake kinaweza kutoa cheche?

Hatua ya 1: Jua unachohifadhi

Chukua karatasi ya taarifa za usalama inayokuja na bidhaa, utafute joto la chini kabisa ambalo kimiminika hicho kinatoa mvuke wa kutosha kuwashwa. Nitaliita joto la kushika moto. Petroli ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Asetoni ni karibu 20 chini ya sifuri. Tolueni, inayopatikana kwenye thina nyingi, ni 4. Ethanoli safi ni karibu 13. Mafuta ya taa huanzia 38, na dizeli huanzia kwenye 52 hivi.

Linganisha namba hiyo na joto la mahali unapohifadhi. Ikiwa ghala lina nyuzi 28, basi petroli, asetoni, tolueni na ethanoli zote zinatoa mvuke unaowaka saa hii unaposoma. Dizeli bado, ila dizeli iliyomwagikia bomba la moshi lenye moto, au iliyolowa kwenye tambara, ni habari nyingine.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulikosea. Wengi huogopa petroli kuliko spiriti, na kwa kimiminika kilichomwagika chini wana haki. Lakini fikiria nafasi iliyobaki juu ya kimiminika ndani ya tangi lililofungwa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi la petroli kwenye joto la kawaida mvuke umejaa kupita kiasi hicho, kwa hiyo mara nyingi hauna hewa ya kutosha kuwaka. Ethanoli huwaka kati ya asilimia 3.3 na 19, na kwenye nyuzi 20 nafasi ile ya juu ina karibu asilimia 6. Yaani tangi la spiriti lililofungwa vizuri, likikaa ghalani kimya, limebeba mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Tolueni ni hivyo hivyo. Cheche moja mdomoni mwa tangi la spiriti inaweza kuingia ndani.

Hatua ya 2: Soma bamba la chombo

Kila tangi la lita 1,000 lililoidhinishwa kubeba bidhaa hatari lina bamba kwenye kizimba chake. Watu hulipita kama pambo. Inama ulisome. Utaona alama ya Umoja wa Mataifa, kisha maandishi kama haya: 31HA1/Y/05 24, yakifuatiwa na nchi, mtengenezaji na namba mbili kubwa.

Namba 31 inamaanisha tangi ni la vimiminika. H ni plastiki ya ndani, A ni chuma cha nje. Tangi lote la chuma huandikwa 31A. Y inaruhusu bidhaa zenye hatari ya kati na ya chini. Z inaruhusu zile za hatari ya chini tu. Petroli, asetoni, ethanoli na tolueni ziko kwenye kundi la kati, kwa hiyo tangi lenye Z haliwafai. 05 24 ni mwezi na mwaka lilipotengenezwa. Kati ya zile namba mbili za mwisho, ya kwanza ni uzito liliojaribiwa nao kwa kupangwa juu ya jingine, na ya pili ni uzito wa juu kabisa likiwa limejaa, kwa kilo. Ukikuta sifuri kwenye namba ya kupangwa, usiweke kitu juu yake.

Tarehe ile ina kazi. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji, tangi la plastiki linalobeba vimiminika hatari hutumika kwa miaka 5 tangu litengenezwe, na hukaguliwa na kupimwa uvujaji kila baada ya miaka miwili na nusu. Matangi mengi ya mkono wa pili yanauzwa baada ya muda huo kwisha. Kwa maji ya kumwagilia bustani sawa, kama unajua yalibeba nini. Kwa thina, hapana.

Sasa plastiki yenyewe. Ile inayotumika huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na koki ya chini mara nyingi ni plastiki pia. Moto wa dimbwi dogo ukiwaka chini ya tangi, ndani ya dakika chache tu tangi linafunguka na lita 1,000 zinaingia motoni. Pipa la chuma nalo si salama motoni, laweza kupasuka kwa shinikizo, lakini linakupa muda zaidi wa kukimbia. Tena tolueni na petroli hupenya polepole kwenye plastiki ya kawaida na kuifanya ivimbe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kimiminika chenye joto la kushika moto chini ya nyuzi 23 kiwekwe kwenye pipa au tangi la chuma. Ukilazimika kutumia plastiki, liwe tangi lililotengenezwa mahsusi la kuondoa umeme tuli (ule unaotokana na vitu kusuguana, tutaufikia Hatua ya 4), ambalo mtengenezaji anakiri kwa maandishi kwamba linafaa sehemu zenye mvuke unaowaka. Tangi jeupe la kawaida litumike kwa vile vyenye joto la kushika moto la juu zaidi, kama sheria za nchi yako zinaruhusu. Kwa vile vya hatari ya juu kabisa kama etha, usifikirie tangi la aina hii hata kidogo.

Hatua ya 3: Tengeneza mahali

Mvuke wa vimiminika hivi ni mzito kuliko hewa: wa asetoni mara mbili, wa petroli mara tatu hadi nne. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, huingia kwenye mifereji na mashimo, na unaweza kusafiri mita nyingi hadi ukutane na friji, mota au jiko. Matundu ya hewa ya juu peke yake hayatoshi. Toboa ukuta chini kabisa, karibu na sakafu, pande mbili zinazotazamana, kisha na juu.

Nje chini ya paa, penye upepo, ni bora kuliko ndani. Kivuli ni lazima, maana jua huongeza mvuke na pia huiua plastiki: inapauka, inakuwa kavu, mwisho inapasuka kwa kugongwa kidogo. Usiweke karibu na mlango wa kutokea, wala chini ya ngazi, wala ukutani penye swichi za umeme. Taa na swichi za humo ziwe za aina iliyoidhinishwa kwa mazingira yenye mvuke unaowaka.

Chini ya vyombo kuwe na beseni la zege au la chuma lisilo na tundu la kutolea maji lililo wazi. Kipimo kinachotumika sana ni beseni libebe asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya jumla ya vyote, ile itakayokuwa kubwa. Kwa tangi moja la lita 1,000, beseni la lita 1,100. Kwa matangi sita, robo ya jumla ni lita 1,500, basi hiyo ndiyo namba yako. Beseni likijaa maji ya mvua halina kazi tena, kwa hiyo liezekwe.

Tenga na vitu vinavyochochea moto: klorini ya bwawa la kuogelea, hidrojeni peroksidi, mbolea zenye naitreti. Hata rafu moja wasishirikiane.

Hatua ya 4: Kuhamisha, hapa ndipo penye kazi

Chombo kikitulia kimefungwa mara chache kinaanzisha moto chenyewe. Ni pale unapofungua, unapomimina, unapochomoa mpira. Kimiminika kinapopita kwenye mpira kinajisugua na kuta zake na kubeba umeme tuli. Ule mshtuko unaoupata kidoleni ukigusa kitasa cha mlango ni umeme huo huo. Mvuke wa petroli unaweza kuwashwa na cheche yenye robo ya milijuli, na cheche unayoisikia kidoleni kwa kawaida ina nguvu kuliko hiyo. Nyingine huzisikii kabisa.

Tarehe 29 Oktoba 2007, kwenye ghala la viyeyusho huko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, mfanyakazi alikuwa akijaza ethili asetati kwenye tangi la chuma la galoni 300. Aliingiza mdomo wa mpira kwenye tundu la juu, akaning'iniza kipande cha chuma ili uzito wake uushikilie usichomoke, akafungua valvu, akavuka chumba kwenda upande wa pili. Akasikia mlio. Alipogeuka, tangi lilikuwa limezingirwa na moto na mdomo wa mpira uko sakafuni unamwaga. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihitimisha kwamba chanzo, kwa uwezekano mkubwa, ni cheche ya umeme tuli kati ya mdomo ule na tangi: mpira na mdomo wake havikuwa vimeungwa na tangi wala kupelekwa ethi, yaani kuunganishwa na ardhi kwa waya. Angalia vizuri, tangi lilikuwa la chuma. Chuma peke yake hakikuokoi. Kinachookoa ni chuma kilichoungwa.

Fanya kwa mpangilio huu:

1. Zima kila chenye moto au cheche karibu: kuchomelea, grainda, foklifti isiyo ya aina maalumu. Simu zibaki nje. Vaa viatu visivyozuia umeme kwenda ardhini na nguo za pamba.

2. Unga nyaya kabla ya kufungua mfuniko wowote. Waya mmoja kutoka chombo kinachotoa hadi ethi, mwingine kutoka chombo hicho hadi kinachopokea, na hakikisha mdomo wa mpira umo kwenye mnyororo huo. Kibano king'ate chuma kitupu, si rangi, si kutu. Ukipima kwa mita, upinzani kati ya vyuma usizidi omu 10. Nimekuta kibano kimebanwa vizuri kabisa juu ya mpini wa plastiki, na aliyekibana anaendelea kumimina kwa amani.

3. Fungua mfuniko taratibu. Pipa la chuma lililovimba juu lina shinikizo: lipeleke kivulini lipoe, kisha legeza kizibo kidogo kwanza, robo ya mzunguko, usikilize hewa itoke.

4. Peleka mdomo wa mpira karibu na kitako cha chombo. Kumimina toka juu kama maporomoko hutengeneza matone, mvuke na umeme kwa pamoja. Mpaka mdomo uzame, mwendo wa kimiminika usizidi mita 1 kwa sekunde. Kwenye mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, hiyo ni kama lita 30 kwa dakika. Wa milimita 50, kama lita 120.

5. Simama hapo hapo. Koki iwe inayojifunga yenyewe ukiiachia, na usiizuie kwa jiwe, waya wala kijiti.

6. Usijaze hadi ukingoni. Lita 1,000 za petroli zikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 40 huongezeka kwa lita 25 hivi, na zitatafuta pa kutokea. Kanuni za usafirishaji hutaka tangi lisizidi asilimia 98 hata likifika nyuzi 50.

7. Pampu ikisimama, subiri angalau nusu dakika kabla ya kuchomoa mpira, kuchovya fimbo ya kupimia au kuchukua sampuli. Funga mfuniko. Nyaya zitoke mwisho kabisa.

Kwa vyombo vya plastiki waya wa ethi ukibanwa kwenye ukuta wa plastiki haufanyi chochote, maana plastiki haipitishi umeme. Tumia mrija wa chuma uliopelekwa ethi na kufika chini, mimina polepole, na usilifute tangi kwa tambara kavu. Kulisugua ni kulichaji. Dumu la petroli lijazwe likiwa limewekwa ardhini, si likiwa ndani ya gari juu ya zulia au plastiki.

Na lile la hewa ya kompresa. Mtu anaona pipa linatoka pole, anachomeka mpira wa upepo ili lisukumwe. Usifanye. Mapipa haya hayakutengenezwa kustahimili shinikizo, na umekwisha kuingiza hewa safi mahali palipokuwa na mvuke. Tumia pampu ya mkono au ya umeme iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Kuyabeba

Adui mkubwa wa tangi la kizimba ni uma wa foklifti. Uma mrefu kuliko paleti hupita upande wa pili na kutoboa tangi lililo nyuma, au kunyofoa koki yake. Dereva haoni, anaona dimbwi. Pima uma zako kabla, elekeza koki upande wa njia ili ionekane, na usiburute tangi kwa kizimba. Kofia ya koki iwe imefungwa wakati wote wa kubeba.

Hatua ya 6: Kukagua

Mara moja kwa wiki, zunguka. Tazama pembe za chini za plastiki, nyuzi za koki, kutu kwenye miguu ya paleti, na harufu. Harufu ya thina asubuhi unapofungua mlango si ya kawaida, ni uvujaji unaokuita. Lebo iliyofutika iandikwe upya siku hiyo hiyo, maana chombo kisicho na jina ndicho kitakachomiminwa kwenye jiko la mtu.

Hatua ya 7: Kikimwagika, kikiwaka

Kikimwagika kidogo: zuia vyanzo vya cheche, fungua milango, tandaza mchanga au udongo mkavu, kusanya kwa koleo lisilotoa cheche, weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Usiwashe wala usizime swichi ya umeme iliyo ndani ya mvuke, maana zote mbili hutoa cheche. Kata umeme kwenye swichi kuu iliyo nje.

Kikiwaka: mtungi wa unga au wa povu unafaa kwa moto mdogo tu, wa beseni au tambara. Povu la kawaida huvunjwa na spiriti, kwa hiyo kwa pombe nunua mtungi ulioandikwa kwamba unafaa. Maji juu ya petroli husambaza moto, kwa sababu petroli huelea. Lakini moto ukishafika chini ya tangi la plastiki, weka mtungi chini na utoke, wewe na wenzako, upande upepo unakotoka. Waambie zima moto ni kimiminika gani na lita ngapi. Hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.

Hatua ya 8: Vyombo vitupu

Pipa tupu linatisha kuliko lililojaa. Lita 200 za hewa zinahitaji petroli kama kijiko kimoja cha chakula ikishakuwa mvuke ili pipa zima liweze kulipuka, na kijiko hicho kimejificha kwenye mikunjo ya chini hata baada ya kulimwaga. Fundi anapolikata kwa grainda kutengeneza jiko au birika la mifugo, cheche zinaingia moja kwa moja kwenye mchanganyiko huo, na kitako cha pipa huruka. Kulisuuza kwa maji na sabuni mara moja hakutoshi, kwani joto la kuchomelea hufukuza mvuke uliokuwa umenata kwenye kutu. Pipa lililobeba kimiminika kinachowaka lisikatwe wala kuchomelewa mpaka lisafishwe na wenye vifaa vya kufanya hivyo, na hewa yake ipimwe.

Likishaisha, rudishia vizibo vyote, acha lebo ya zamani ionekane, na uliweke palepale penye beseni na matundu ya hewa pamoja na yaliyojaa, mpaka muuzaji au kampuni ya kusafisha ije ilichukue.